Kabla Kidole Hakijashuka

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma nimpelekee kaka supu. Kazi ndogo tu. Kaka anakaa mtaa wa pili, na njia ile naijua tangu nina meno ya utoto. Nilibeba sufuria kwa mkono wa kulia, mpini nimeuzungushia kitambaa, na mkono wa kushoto nimeshika mkate. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mashine imkate kaka mkono, na katika wiki zote hizo sikuwahi kukaa naye peke yangu. Nilikwenda na mama, au nilihakikisha wifi yupo. Siku hiyo mama miguu ilimvimba, na wifi alikuwa zamu ya jioni. Nikakosa kisingizio.

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Ndani hakuna taa. Niliinua kiwiko nibishe.

"Badilisha mkono," sauti yake ilitoka gizani. "Hiyo sufuria ina moto. Unaniunguza."

Nikasimama pale pale.

Hakuwa ameniona. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na mimi nilikuja na viatu vya raba, kimya kabisa. Nilisukuma mlango kwa bega. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Chumba kilinuka dawa ya vidonda na jasho la mtu asiyetoka nje. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye bandeji, pale ambapo watu hufunga saa.

"Kaka, nani kakwambia nimebeba kwa mkono wa kulia?"

"Sijaambiwa. Nahisi."

"Unahisi nini?"

"Ule mkono." Alisema taratibu, kama mtu anayeona haya. "Bado upo. Unashikashika vitu. Manesi waliniambia ni kawaida, mkono ukikatika kichwa hakiamini upesi, kitazoea. Lakini mdogo wangu... vitu unavyoshika si vya humu ndani."

Nikacheka. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka. Mama husema nitacheka hata kwenye msiba wangu mwenyewe. Niliweka sufuria chini, halafu nikatia mkono wa kulia mfukoni mwa gauni, polepole, bila kusema kitu. Humo mlikuwa na vitu viwili.

"Ufunguo," alisema kaka, bado amenipa mgongo. "Na kitu kikavu. Chaki."

Ilikuwa chaki.

Nitaeleza tulivyofika hapo, na nitaeleza bila kujipendelea, ingawa kujipendelea ndiyo fani yangu ya pili. Fani ya kwanza ni kukata karatasi. Katika kiwanda chetu cha uchapaji vitabu hutoka vimeshonwa na kutiwa gundi, lakini kingo zake zinakuwa hazijalingana, na hapo ndipo mimi ninapoingia. Nilikuwa na mashine kubwa ya kukatia, kisu chake kirefu kuliko mkono wa mtu mzima, na kibano cha chuma kinachotangulia kushuka ili karatasi zisiteleze. Tuliiita Mama Mkwe, maana hukubana kwanza ndipo ikukate. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nayo. Kaka ndiye aliyenifundisha, yeye akiwa msimamizi wa chumba kizima.

Mama Mkwe ana vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, vimetenganishwa kwa makusudi. Kisu hakishuki mpaka ubonyeze vyote kwa pamoja. Aliyeitengeneza alikuwa na akili: mikono yako yote ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono uliobaki chini ya kisu. Lakini aliyeitengeneza hakuwahi kupewa madaftari elfu nne yatoke kabla ya shule kufunguliwa. Sisi tulibana kitufe cha kushoto kwa kijiti, tukakizungushia utepe, kikawa kimebonyezwa mchana kutwa. Hapo mkono wa kushoto unabaki huru kunyoosha rundo, na kidole kimoja cha kulia kinatosha kukata. Kaka ndiye aliyeleta ujanja huo. Mwenye kiwanda alikiona kijiti kila siku na kila siku alitazama pembeni.

Asubuhi ya siku ile kaka aliniita kando. Akaniambia kuanzia Jumatatu nitahamia meza ya kukunja, na mashine atapewa shemeji yake, ndugu wa wifi, aliyekuwa ametoka kuoa. "Wewe umeshachoka, mdogo wangu," alisema, kama mtu anayenipa zawadi. Meza ya kukunja ndipo wanapoanzia wageni. Nilisema sawa. Niliumia mpaka nikashindwa kula mchana, lakini nilisema sawa.

Jioni, taa zilipokuwa zinawashwa, kipande cha karatasi kilinasa chini ya kisu. Kaka alikuwa upande wa pili wa mashine. Akaingiza mkono akichomoe, kama tulivyofanya sote mara elfu.

Kibano kikashuka. Dhu.

Halafu kisu.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Harufu ya chuma ilikaa puani mwangu siku tisa, na rundo lile la madaftari lilichomwa moto nyuma ya kiwanda.

"Ulibonyeza?" waliniuliza wote, mmoja baada ya mwingine. "Sikubonyeza," nikajibu. "Imeshuka yenyewe." Na naapa, sikuhisi nimebonyeza. Nilitafuta kichwani mwangu mahali niliposema sasa bonyeza, na sikupaona. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, hilo sikulikana, maana ndipo kinapokaa siku zote. Lakini mimi sikukituma.

Ndipo mtu mmoja akauliza ni nani mwingine aliyekuwa karibu na mashine. Nikasema Mama Ndoo alikuwa akinyunyiza maji.

Mama Ndoo alikuwa mfagiaji wetu, mjane, haonekani bila ndoo yake. Hunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na akinyunyiza huzungumza peke yake kwa sauti ya chini, kama wafanyavyo watu waliozoea kukaa wenyewe. Sikusema ni mchawi. Nilisema maji tu. Lakini maneno mengine ukiyatupa huhitaji kuyasukuma. Kufikia usiku maji yale yalikuwa si bure, minong'ono ile ilikuwa jina la kaka, na mlango wa chumba cha Mama Ndoo ulikuwa umevunjwa. Vyombo vyake vilitupwa barabarani. Tangu hapo alilala kwenye kibaraza cha zahanati, na mimi nilipita njia nyingine.

Sasa kaka alikuwa amekaa mbele yangu gizani, supu inapoa.

"Nikuulize kitu kimoja tu," alisema. "Siku ile ulibonyeza?"

"Sikubonyeza."

"Mimi sikuwa natazama kidole chako. Nilikuwa natazama uso wako."

"Ulikuwaje?"

Alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Ulikuwa umetulia," alisema.

Nilitoka pale nimesahau kitambaa na sufuria. Kuna jambo sikumwambia. Tangu siku ya mashine, kila jua linapozama, kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kikishuka chenyewe. Tap. Juu ya meza, juu ya paja, juu ya kiganja cha mtu ninayemsalimia. Sikukituma. Kinashuka, kinainuka, basi. Nilidhani ni mshtuko. Lakini baada ya chaki ile nilianza kuhisi na kitu kingine, uzito kwenye kifundo, kama mtu amenishika hapo na kusahau kuniachia.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa daktari wa ubongo, katika jengo lile lile kaka anakosafishiwa kidonda. Nilitaka kupona, ndiyo, lakini zaidi nilitaka karatasi. Karatasi yenye muhuri inayosema mkono huu hautumwi na mimi. Jumamosi ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimesikia wanaume wa mtaani wamepanga siku hiyo kwenda kumtoa Mama Ndoo hata pale kibarazani, na safari hii hawakusema wataishia kwenye vyombo. Nilijidanganya kwamba karatasi hiyo itamsaidia na yeye. Ukweli ni kwamba nilikuwa najitafutia mimi.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye miwani na kauli ya upole. Alinivisha kofia yenye nyaya nyingi, akatia ute wa baridi kichwani, akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta chenye saa ya mshale mmoja unaozunguka mbio. Mezani akaweka vitufe viwili. Kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Dada, bonyeza wakati wowote unaotaka," alisema. "Hakuna atakayekuhimiza. Ila ukihisi tu kwamba umeamua, angalia mshale uko wapi, uniambie."

Nikabonyeza kwa kushoto. Nikabonyeza tena. Nusu saa nzima. Kisha akanionyesha mistari.

"Hapa ndipo kidole kiliposhuka. Hapa nyuma kidogo ndipo uliposema umeamua. Sasa tazama huku nyuma zaidi." Aliweka kalamu kwenye mstari uliokuwa umeanza kupanda kama kilima. "Ubongo wako ulishaanza kujiandaa. Kabla hujajua."

"Kabla sijaamua?"

"Kabla hujajua kwamba umeamua. Tuko hivyo wote, hata mimi. Wenzangu wanabishana mpaka leo maana yake ni nini."

Nikahisi kitu kikilegea kifuani. "Kwa hiyo mtu halaumiwi."

"Sijasema hivyo." Alitabasamu. "Angalia kati ya hapa na hapa. Kati ya kujua na kidole kushuka. Ipo nafasi. Ndogo, fupi kuliko kupepesa jicho. Kuna wataalamu wanaosema hapo ndipo mtu anapoweza kukataa. Jambo linaweza kuanza bila wewe, lakini kulizuia unaweza."

Hilo sikulisikiliza vizuri. Nilikuwa nashangilia moyoni.

Nje ya dirisha jua lilikuwa linashuka. Daktari aliniambia niweke mikono yote juu ya vitufe nipumzike, nisibonyeze kitu, apime utulivu wangu. Nikapumzika. Chumba kikawa kimya.

Tap.

"Dada, nimesema pumzika."

"Nimepumzika."

Tap... tap.

Daktari alitazama mkono wangu wa kulia, kisha mistari, kisha mkono. Akaja akanikandamiza kofia kichwani, akakagua nyaya moja moja. Akarudi kwenye kiti. Tap. Nilimwona akiondoa miwani na kuivaa tena.

"Kilima hakipo," alisema.

"Maana yake?"

"Kidole kinabonyeza, lakini humu kichwani hakuna maandalizi. Hakuna kabisa." Alishusha sauti, sijui kwa nini, tulikuwa wawili tu. "Labda waya umelegea."

Nilimsihi aandike. Alikataa kuandika kwamba siku ya ajali sikubonyeza, akasema yeye amepima leo, si siku ile. Nikamwambia aandike alichokiona. Akaandika mstari mmoja: kidole cha kulia kilibonyeza mara nane bila ishara ya maandalizi kwenye ubongo. Akagonga muhuri. Niliikunja karatasi ile nikaitia kifuani, na njia nzima ya kurudi nilikuwa mwepesi, karibu niimbe. Mara nane. Si mimi. Mimi si mtu wa namna hiyo.

Kesho yake, Ijumaa, nilimtumia kaka ujumbe kwamba nina kitu cha kumwonyesha. Akajibu nimkute kiwandani watu wakishatoka. Funguo bado alikuwa nazo.

Nilimkuta amesimama kwenye chumba cha kukatia. Mwanga wa mwisho ulikuwa unaingia kwa madirisha ya juu, vumbi la karatasi linaelea ndani yake. Harufu ya gundi na mafuta ya mashine, ile ile ya miaka yote. Mama Mkwe alikuwa amefunikwa turubai. Sakafu ilikuwa chafu, maana tangu Mama Ndoo afukuzwe hakuna aliyekubali kuifagia sehemu ile.

Kaka aliisoma karatasi mara mbili, ameibana mezani kwa kiwiko.

"Si wewe unayekisogeza," alisema.

"Si mimi. Umeona muhuri."

"Wala si mimi, mdogo wangu. Nimejaribu. Nikiuambia ule mkono fumba, haufumbi. Mimi nahisi tu unachoshika." Aliirudisha karatasi. "Lakini jana unayoisema hapa mkono wangu ulikuwa umeshakatika. Siku ile ulikuwa bado ni wangu, uko chini ya kisu. Siku ile nani alikisogeza kidole chako?"

Nikacheka kidogo, halafu nikaacha.

Kaka aliondoa turubai. Akatoa kijiti mfukoni, akakibana kwenye kitufe cha kushoto, akachana utepe kwa meno na kuuzungusha kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda. Nilipaswa kuondoka wakati huo. Akawasha swichi ya ukutani, nyuma yake, na mashine ikaanza kuunguruma ile sauti ya chini ninayoisikia hata usingizini.

Kisha akapita upande wake. Akaingiza mkono wa kushoto chini ya kisu. Mkono uliobaki.

"Kaka, toa mkono."

"Simama mahali pako."

"Kaka, jua linazama. Toa mkono."

"Najua linazama," alisema. "Nisikilize. Watu wanataka kumfanyia yule mama jambo kesho. Mimi siwezi kusema ni yeye, siwezi kusema si yeye, kwa sababu sijui. Wewe pia unasema hujui. Basi leo tutajua. Kidole kikishuka na ukashindwa kukizuia, hata siku ile ulishindwa, na mimi nitakusamehe mkono ule na huu pia. Ukiweza kukizuia leo..."

Hakumaliza. Hakuhitaji.

Niligeuka niondoke. Miguu iligeuka, kiwiliwili kikageuka, mkono wa kulia ukabaki. Ulikuwa umeshashika ukingo wa meza ya mashine. Sikumbuki kuushikisha. Niliuvuta kwa mkono wa kushoto, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, kucha zikanichimba. Haukutoka. Ile hali ya kushikwa kwenye kifundo ilikuwa nzito sasa, na yenye joto.

Mkono ukatambaa. Taratibu. Kwenye kitufe.

"Unahisi?" nilinong'ona.

"Nahisi," alisema kaka. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini mkono hakuutoa. "Kina baridi. Ni cha mviringo."

"Toa mkono, nakuomba."

"Sitoi."

Mwanga ulikatika madirishani. Nje mtu aliwasha taa ya barabarani.

Na mimi nikajua.

Kidole kilikuwa hakijashuka. Kilikuwa kinakuja kushuka, na nikajua kabla, kama unavyojua chafya inakuja. Sikukituma. Hakuna mahali niliposema bonyeza. Lakini kati ya kujua na kushuka palikuwa na kitu, uwazi mwembamba, kimya, kama sekunde imefunguliwa mlango. Nilipoingia pale nywele zilinisimama. Si kwa sababu palikuwa pageni.

Palikuwa pa zamani. Nilishawahi kusimama pale.

Taa zilikuwa zinawashwa, kaka ameinama, kipande kimenasa, mkono wake uko ndani. Kidole kikaanza kwenda. Nikakiona kinakwenda. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, nilikuwa nayo nzima, na ndani yake nikaikumbuka meza ya kukunja. Sikusema ndiyo. Naapa sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu.

"Hapana," nikasema.

Kidole kikasimama. Kilikuwa kimegusa kitufe, ngozi kwa plastiki, na kikasimama pale kinatetemeka.

"Hapana," nikasema tena, na mkono ukaachia.

Kaka alichomoa mkono wake taratibu, akautazama pande zote mbili. Akaenda ukutani akazima mashine. Ukimya ulikuwa mkubwa mpaka nikasikia utepe ukibanduka.

"Basi uliweza," alisema.

"Niliweza."

"Kwa sababu ya meza ya kukunja?"

"Ndiyo, kaka."

Alikaa chini, kwenye sakafu ile chafu, akalia kama ambavyo sikuwahi kumwona akilia hata baba alipofariki. Mimi sikulia. Niliona aibu, na aibu yangu haina machozi. Baada ya muda alinyanyua kile kigutu, akakisikiliza, maana sina neno lingine, alikiinamia kama anayesikiliza.

"Umenyamaza," alisema. "Ule mkono. Sihisi kitu tena."

Sikumwambia kwamba kwenye kifundo changu uzito bado ulikuwapo.

Asubuhi nilisimama kwenye lango la kiwanda, wafanyakazi na majirani wamejaa, nikasema. Nilisema ni mimi, kidole ni changu, nilikuwa na nafasi ya kukizuia na sikukizuia. Mama Ndoo hana kosa, maji yake ni maji. Nilidhani baada ya hapo watanipiga. Walitazamana. Kisha mwanamke mmoja wa meza ya kukunja akasema kwa huruma kabisa, "Mnaona? Amemfunga hadi ulimi. Sasa anamfanya ajisingizie." Kaka akasema ni kweli, mdogo wangu ndiye. Wakatikisa vichwa: na huyu naye amefungwa. Mwenye kiwanda hakutaka polisi, kwa sababu ya kile kijiti.

Nilikimbia zahanati kabla yao. Mama Ndoo alikuwa ameshafunga kanga zake ndani ya ndoo. Nilipiga magoti, nikamwambia yote.

"Nilikuwa nanyunyiza vumbi lisiwaingie kifuani," alisema. "Wewe ulikuwa unakohoa sana."

Akachukua ndoo yake, akaenda. Wanaume walipofika walikuta kibaraza kitupu, wakasema wachawi hujua mapema. Sijui aliko. Nimeuliza mpaka nimechoka, na bado nauliza.

Hayo ni ya miaka mitano nyuma. Sasa niko meza ya kukunja, kwa kuomba mwenyewe. Daktari nilimrudia mara moja; alisema nyaya zilikuwa nzima, kisha akabadilisha mazungumzo. Kaka amejifunza kuandika kwa kushoto, tunasalimiana vizuri, na hahisi kitu tangu siku ile.

Mimi nahisi. Kila jua linapozama mkono huu unaanza, na siku hizi haubonyezi tu. Unafanya lolote lililo karibu. Mwezi uliopita nilikuwa nimembeba mtoto wa wifi kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, tunatazama watu, na vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja. Nikajua. Nikakataa. Vikashika. Wifi alinikuta nimekaa sakafuni nimemkumbatia mtoto, akaniuliza mbona nacheka.

Kila magharibi nakataa, na sijawahi kushindwa. Ila nafasi yenyewe ni fupi kuliko kupepesa jicho, na miaka inakwenda.

Jana nilichelewa kidogo. Kilichovunjika kilikuwa kikombe tu.